Distributa Haikufa Kwa Sababu Ilikuwa Mbovu

Kila mtu akipost video ya Peugeot 504 ama Beetle ya zamani, komenti zinagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza ni wazee wetu, pamoja na wale vijana wanaojifanya wazee: "Hayo ndiyo yalikuwa magari, siku hizi ni plastiki tupu." Kambi ya pili ni wenzangu: "Hiyo takataka mvua ikinyesha haiwaki." Mimi naona kambi zote mbili zinabishana juu ya kitu kimoja bila kukitaja jina. Kinaitwa distributa. Ni kile kikombe cheusi kilichokaa kando ya injini, nyaya nene zimetoka kichwani kama rasta.

Historia yake ilianza kabla nchi hii haijaitwa Kenya. Imepitia ghala la shamba huko Ohio, matope ya Safari Rally, karakana za Grogan, na mwisho wake ukafika hadi Gigiri. Na iko na watu waliokufa njiani. Kwa hivyo tulia, hii si stori ya nati na boliti peke yake.

Kwanza tuelewane inafanya nini.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu: petroli iliyochanganyika na hewa, mgandamizo, na cheche kwa wakati wake. Cheche ndio ilisumbua watu miaka mingi. Betri ya gari ni volti 12. Volti 12 haiwezi kuruka hata ile nafasi ndogo ya plagi, ambayo haifiki milimita moja. Ili cheche iruke ndani ya silinda unahitaji volti maelfu, tuseme 20,000 hivi.

Hapo ndio koili inaingia. Ndani yake kuna waya mbili zilizozungushiwa chuma: moja nene yenye mizunguko michache, nyingine nyembamba kama unywele yenye mizunguko maelfu. Umeme wa betri ukipita kwenye ile nene, koili inajaa usumaku. Ukiukata ghafla, usumaku unaporomoka, na ile waya nyembamba inatema volti kubwa kwa muda mfupi sana. Lakini lazima ukate ghafla. Ukikata polepole hupati kitu.

Anayekata ni distributa. Ndani yake kuna mhimili unaozunguka nusu ya kasi ya injini, na huo mhimili una pembe, moja kwa kila silinda. Kila pembe ikipita inasukuma vipande viwili vidogo vya chuma viachane. Mafundi wetu wanaviita kontakti. Kando yake kuna kondensa, kamkebe kadogo kanakomeza umeme unaotaka kuruka kontakti zikiachana, ili zisiungue na mkato uwe safi. Juu ya mhimili kuna rota, inazunguka kama mhudumu wa hoteli na sahani, inapelekea kila silinda cheche yake kwa zamu. Kwa 504 zamu ni 1-3-4-2. Kwa Beetle ni 1-4-3-2. Ukichanganya nyaya mbili tu, gari inapiga risasi kwa ekzosi na mtaa mzima unalala chini.

Sasa piga hesabu. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inataka cheche 6,000. Hiyo ni cheche 100 kila sekunde. Vipande viwili vya chuma vinagusana na kuachana mara 100 kwa sekunde, kutoka Nairobi hadi Kisumu, bila kompyuta. Wale wa kambi ya pili, hebu mpeeni heshima kidogo.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa magumu. Mwaka wa 1888 Bertha Benz alichukua gari la mume wake bila kumwambia, akawabeba wavulana wake wawili, akaendesha zaidi ya kilomita 100 kutoka Mannheim hadi Pforzheim. Njiani mfereji wa petroli ukaziba, akauzibua na pini ya kofia. Waya wa cheche ukapoteza ngozi yake, akaufunga na mkanda wa soksi. Ukiniuliza fundi wa kwanza wa barabarani duniani ni nani, mimi nitakutajia mama huyo. Ford Model T, iliyotoka 1908, nayo ilikuwa na koili nne kwenye sanduku la mbao, kila silinda na yake, kila koili ikitetemeka na kulia kama nzi. Kumbuka hizo koili nne, tutazirudia.

Aliyerahisisha mambo ni kijana wa shamba kutoka Ohio, Charles Kettering, aliyezaliwa 1876. Macho yake yalimsumbua sana hadi akakatiza masomo, na alimaliza chuo kikuu 1904 akikaribia miaka 28. Alikuwa ameajiriwa Dayton kwa kampuni ya mashine za kuhesabia pesa za dukani. Jioni, yeye na wenzake walikuwa wanakutana kwenye ghala la rafiki yake Edward Deeds, wanacheza na umeme wa magari. Mnamo 1909 Kettering na Deeds walianzisha kampuni yao, Delco. Cadillac ikaagiza seti 8,000 za mtambo wao wa cheche kwa magari ya 1910: betri, koili, kontakti na distributa. Miaka miwili baadaye, Cadillac za 1912 zikapata stata ya umeme kutoka kwa watu hao hao, na kazi ya kuzungusha injini kwa mkono, iliyokuwa inavunja watu mikono, ikaanza kuisha.

Fikiria hivi: mpangilio huo wa Kettering ulikaa kwa magari ya dunia nzima kwa zaidi ya miaka 60. Simu yako haijamaliza miaka mitatu na tayari unaona aibu kuitoa mfukoni.

Na ndio ulikuja huku. Safari Rally ilianza 1953 kama Coronation Safari, na magari yaliyopiga hayo matope yalikuwa yanaishi na kontakti na kondensa. Mwaka wa 1963 na tena 1968, magari 7 tu ndiyo yalifika mwisho. Miaka yote miwili Nick Nowicki alishinda na Peugeot 404. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, tuliyemwita Simba wa Kenya, alishinda 1965 na Volvo PV544, halafu 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Joginder alikuwa fundi kabla hajakuwa bingwa. Sidhani hiyo ni bahati. Kwa Safari ya siku hizo gari lilikuwa linakuzimikia katikati ya mto usiku, na kama hujui kukausha kifuniko cha distributa, mashindano yako yameisha hapo.

Barabara za kawaida nazo zilijaa hizo Peugeot. Mwaka wa 1973 Mzee Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe watu kihalali, pikapu za Peugeot zilikuwa kati ya magari yaliyoifanya hiyo kazi, na 504 za mkia mrefu zikawa teksi za safari za mbali. Kila moja ilikuwa na distributa ambayo lazima iguswe kila baada ya kilomita elfu kadhaa. Kontakti zinachakaa. Kile kipande kinachogusana na mhimili kinalika, nafasi inapungua, na taimingi inachelewa pole pole. Gari inakunywa petroli zaidi, inavuta kidogo, halafu asubuhi moja inakataa kabisa.

Kwa hivyo kulihitajika mtu. Na mtu huyo hakuhitaji jengo wala mashine ya milioni. Alihitaji bisbisi, msasa, spana mbili tatu, na kipimo chembamba cha kupimia nafasi ya milimita 0.4. Wengine walitumia hata ukingo wa kisanduku cha kiberiti. Shirika la Kazi Duniani lilipoandika ripoti yake maarufu kuhusu Kenya mwaka wa 1972, na dunia ikajifunza kusema "sekta isiyo rasmi", hawa ndio baadhi ya watu waliokuwa wanazungumziwa. Sisi tuliwaita jua kali. Ninaamini kabisa kwamba distributa ilisomesha watoto wengi nchi hii kuliko basari nyingi.

Nimeona hiyo akili ikifanya kazi. Mjomba wangu ana gari kuukuu, aina yake siitaji, na mwaka jana ilizima karibu na Kirinyaga Road. Stata inazunguka vizuri, injini haishiki. Mimi nilikuwa na simu mkononi tayari kutafuta video. Akaja mzee mmoja fundi, ovaroli imekuwa nyeusi, akaniambia, "Kijana, weka hiyo simu. Gari itatuambia yenyewe."

Swali la kwanza: cheche inafika kwa plagi? Alichomoa waya moja ya plagi, akaivisha plagi ya zamani aliyokuwa nayo mfukoni, akalaza chuma cha hiyo plagi juu ya injini, akamwambia mjomba apige stata. Hakuna kitu. Kama kungekuwa na cheche ya bluu yenye nguvu, angeachana na umeme aende kwa petroli. Hapo tayari nusu ya gari imeondolewa kwa kesi.

Swali la pili: cheche inatoka kwa koili? Alitoa ile waya ya katikati kutoka kwa kifuniko cha distributa, akaishika na koleo yenye mpini wa mpira, ncha karibu na chuma. Stata tena. Kama cheche ingeruka hapo, mwizi angekuwa kifuniko ama rota: ufa mwembamba, unyevu, au ule mstari mweusi wa kaboni ambao umeme umejichorea njia ya kutorokea. Lakini ilitoka cheche ya manjano, dhaifu, moja moja.

Swali la tatu: kontakti zinakata? Alifungua kifuniko, akamwambia mjomba apige stata kidogo, tukaona rota inazunguka. Hiyo ilimaanisha mhimili ni mzima. Halafu akazungusha injini mpaka kontakti zikafungana, swichi ikawashwa, akaziachanisha kwa ncha ya bisbisi. Pale kati ya vyuma viwili pakawaka moto mkubwa wa bluu. Mzee akatabasamu. "Umeona? Umeme wote unaishia hapa. Kondensa imekufa."

Swichi ikazimwa haraka, maana ukiiacha hivyo kontakti zikiwa zimefungana, koili inachemka. Kondensa mpya ilipatikana duka la tatu kutoka hapo. Akapiga kontakti msasa, akapima nafasi, akaangalia taimingi, gari ikashika. Yote ilichukua chini ya saa moja. Hakubadilisha kitu chochote ambacho hakikuwa kimekufa.

Hiyo ndiyo sehemu iliyonipiga. Yule mzee hakubahatisha hata mara moja. Kila swali lilikata uwezekano kwa nusu, na jibu la swali moja ndilo lililochagua swali linalofuata. Shuleni tuliambiwa hiyo inaitwa sayansi, tukaiandika kwa daftari, tukaisahau baada ya mtihani. Yeye anaifanya kila siku akiwa amechuchumaa kando ya mtaro.

Sasa, kama kitu kilikuwa kizuri hivi, nani alikiua?

Hapa ndipo kambi ya kwanza inafaa kusikiliza. Magari ya Kettering yalipotoka, injini zilianza kugonga: ule mlio wa tik-tik ukipanda mlima. Watu wakalaumu mtambo wake wa cheche. Kettering akakataa, na tangu 1916 akamweka mhandisi wake, Thomas Midgley, atafute ukweli. Midgley aligundua shida iko kwa mafuta yenyewe, na Desemba 1921 akapata dawa: risasi. Ndiyo, ile risasi ya madini, sumu inayojulikana tangu enzi za Warumi. Ukiweka kidogo kwa petroli, injini inaacha kugonga. Kampuni ikaanzishwa ya kuiuza, Ethyl, na rais wake wa kwanza akawa Kettering mwenyewe. Oktoba 1924, kwenye kiwanda kimoja huko New Jersey, wafanyakazi watano walikufa baada ya kuchanganyikiwa akili kwa sababu ya hiyo sumu. Midgley akaita waandishi wa habari, akanawa mikono na hayo mafuta mbele yao kuonyesha hayana neno. Biashara ikaendelea.

Ikaendelea miongo. Ikafika huku. Fikiria wale wale mafundi ninaowasifu: wananyonya petroli kwa mpira na mdomo, wananawa mikono nayo jioni, watoto wao wanacheza kando ya barabara iliyojaa moshi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Tunaposema "zamani magari yalikuwa magari", tunazungumzia pia moshi huo. Huwezi kuchukua ile 504 kwa picha nzuri ya Instagram halafu uache kilichotoka kwa ekzosi yake.

Mwaka wa 1970 Marekani ilipitisha sheria ya hewa safi. Magari mapya yalitakiwa kupunguza moshi mchafu kwa asilimia 90, na yabaki safi kwa maili 50,000, yaani kilomita 80,000 hivi. Kontakti haziwezi. Zinachakaa kila siku, na kila zikichakaa cheche inakosa wakati wake, na petroli isiyoungua inatoka nje. Chrysler wakaweka mtambo wa cheche wa elektroniki kwa magari yao ya Marekani kufikia 1973, General Motors wakafuata kwa magari ya 1975. Mwaka huo huo magari mengi mapya ya huko yalikuja na kile kichujio cha moshi cha ekzosi, na hicho kichujio risasi inakiua. Kwa hivyo sheria moja ikaanza kuzika mambo mawili ya Kettering kwa pamoja: kontakti zake na risasi yake.

Huku kwetu ilichelewa. Nchi za Afrika zilikubaliana Dakar mwaka wa 2001, na kufikia mwanzo wa 2006 Kenya na majirani walikuwa wameacha petroli ya risasi. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, mwaka wa 2021, na habari hiyo ilitangazwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake yako hapa hapa Gigiri.

Ndiyo maana nasema distributa haikufa kwa sababu ilikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi iliyotengenezewa. Tulibadilisha swali. Kwanza dunia ilikuwa inauliza "gari itawaka?" Halafu ikaanza kuuliza "gari inatuua polepole?" Kwa swali la pili, kikombe cheusi hakikuwa na jibu, na mimi nafurahi swali hilo liliulizwa.

Lakini kuna kitu kilitupwa pamoja nacho, na hicho ndicho kinanikera. Siku hizi kila plagi ina koili yake imekaa juu ya kichwa chake. Ndiyo, tumerudi kwa zile koili nne za Model T, ila sasa kompyuta ndiyo inaamrisha. Kompyuta hiyo inajua kila kitu kuhusu cheche, lakini inamwambia nani? Taa ya injini inawaka, unaenda kuskaniwa, mashine inatoa namba, na mtu anakubadilishia koili. Haijapona? Tubadilishe na plagi. Bado? Labda ni kompyuta yenyewe. Mfuko wako ndio unafanyiwa majaribio. Namba ya skana ni dalili tu, kama joto la mwili. Daktari anayekupa dawa kwa kuangalia kipimajoto peke yake, wewe ungemkimbia.

Na si kosa la mafundi vijana wote. Wengi wamefungiwa mlango. Habari za ndani za gari ziko kwa programu ambazo watengenezaji wanazilinda. Huko Massachusetts wananchi walipiga kura mwaka wa 2012 na tena 2020 ili karakana ndogo zipate habari hizo. Sisi tunanunua magari yaliyotumika Japani, hadi yenye miaka minane, programu na zote, na sijasikia mwanasiasa hata mmoja akiuliza fundi wa Grogan ataifungua vipi. Tunaongea kila siku kuhusu ajira za vijana. Hii ni ajira, na iko nyuma ya nywila.

Kwa hivyo haya ndiyo maoni yangu. Kwa kambi ya kwanza: pendeni magari yenu, yatunzeni, lakini msituuzie moshi kama utamaduni. Kwa kambi yangu: kabla hujamcheka mzee mwenye bisbisi, nenda ukae naye Jumamosi moja. Muulize anaanzia wapi gari ikikataa kuwaka, na kwa nini anaanzia hapo. Mrekodi kama atakubali, kwa sababu mengi ya hayo hayako kwa kitabu chochote, na hawa wazee wanastaafu. Ukienda gereji na gari yako ya kisasa, usikubali kununua kitu kabla fundi hajakueleza alijuaje kwamba ndicho kimekufa. Kama hawezi kueleza, bado anabahatisha, na wewe ndiye unalipa.

Nikuulize sasa: mtaani kwenu kuna fundi anayejua bado kupanga kontakti? Anafanyia wapi, na kuna kijana yeyote anayejifunza kwake?